Mguu wa Mwalimu: Kurudi Kujifunza Gari Ukiwa Mtu Mzima

Dar es Salaam ina watu wengi wenye leseni halali ambao hawaendeshi gari. Kuna waliosoma udereva wakiwa chuoni, leseni wakapata, gari la kuendesha wakakosa, miaka kumi ikapita. Kuna walioendesha mwaka mmoja, bajaji ikawakwangua Mwenge, funguo wakamkabidhi mwenza wao hadi leo. Na wapo ambao, tuseme ukweli, leseni iliwatangulia ujuzi. Sasa gari limefika bandarini, au watoto wanatakiwa kupelekwa shule, na mtu wa miaka arobaini na ushee anaanza kuulizia mwalimu wa udereva kwa sauti ya chini.

Shule nyingi zikimpokea mtu huyu humpa kifurushi kilekile cha kijana wa miaka 18: siku za kwanza uwanjani na gia, kisha alama za barabarani ubaoni, kisha barabara. Hapo ndipo hela inapopotelea. Anayerudi anajua nusunusu. Mkono unakumbuka gia, mguu umesahau klachi. Sheria anaijua, lakini barabara aliyoiacha siyo iliyopo leo. Mwalimu anayemfaa atampima kwanza ndipo amfundishe, na kipimo hicho kinafanyika ndani ya nusu saa ya kwanza. Nusu saa hiyohiyo inakutosha na wewe kumpima yeye.

Karatasi zisituchukulie muda. Leseni ya Tanzania siku hizi ni ya miaka 5, kwa hiyo angalia tarehe iliyoandikwa kwenye kadi kabla ya kumpigia mwalimu simu. Ikiwa imeisha, nenda TRA, mamlaka ya mapato, kwanza. Kufanya mazoezi barabarani na leseni mfu ni kutafuta kesi, na ikitokea ajali bima itakuwa na sababu nzuri ya kukukana. Gari la kutembelea linahitaji daraja D. Asiyewahi kabisa kuwa na leseni anaanza na ile ya kujifunzia, inayodumu miezi mitatu, na gari linabeba kibao cha L mbele na nyuma. Suala la macho nalo usilifanyie mzaha, hasa ukishavuka 40. Simama mita 20 kutoka kwenye gari lililopaki, usome namba yake. Ukikunja uso, pita kwa mtu wa miwani kabla ya kupita kwa mwalimu. Makosa mengi yanayoitwa woga wa usiku ni macho tu.

Sasa mwalimu. Vyuo vya ufundi vya VETA vinafundisha vizuri, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo ndicho kinachowanoa madereva wa mabasi, ila ratiba ya madarasa yao inamfaa zaidi anayeanza sifuri au anayetaka udereva uwe kazi. Anayerudi anahitaji saa za peke yake ndani ya gari, na hizo mara nyingi atazipata kwenye shule binafsi au kwa mwalimu mmojammoja. Swali la kwanza la kuuliza kwenye simu si bei. Uliza: "Kwa siku, usukani unakuwa mikononi mwangu dakika ngapi?" Kifurushi cha siku 10, saa moja kila siku, kinasikika kama saa 10. Gari likibeba wanafunzi watatu wanaopokezana, wewe unapata dakika 20 kwa siku, yaani saa tatu na dakika 20 kwa kifurushi kizima. Zilizobaki umekaa kiti cha nyuma unamtazama kijana wa watu akizimisha gari. Bei igawe kwa dakika za usukani ndipo ulinganishe shule na shule. Mara nyingi ile iliyoonekana ghali inageuka kuwa nafuu.

Swali la pili: ni mwalimu yuleyule kila siku? Kwa kijana anayeanza, kubadilishiwa mwalimu kuna usumbufu kidogo. Kwa anayerudi ni hasara kubwa, maana kila mwalimu mpya anaanza kukupima upya na yale aliyoyagundua mwenzake yanapotea. La tatu: gari gani? Kama nyumbani una IST au Passo ya otomatiki, hakuna sababu ya kuteseka na klachi ya Corolla ya zamani, labda kama unajua kabisa kwamba utaendesha pikapu ya kazini. Kenya wamelitenga hili kwenye leseni yenyewe: B1 ni gari dogo la otomatiki, B2 inakuruhusu na gia za mkono.

Ukifika, kagua gari kabla ya kulipa. Gari la mazoezi la haki lina pedali za ziada upande wa kushoto anakokaa mwalimu, breki kwa uchache, na klachi kama gari ni la gia za mkono. Lina kioo cha kati cha pili anachokitazama yeye. Kaa kwenye kiti cha dereva, injini ikiwa imezimwa, umwombe akanyage pedali zake moja baada ya nyingine huku ukitazama za kwako. Zako zinatakiwa zishuke pamoja na zake, papo hapo. Yake ikishuka nusu ndipo yako ianze kutikisika, waya au fimbo inayoziunganisha imelegea, na breki ya namna hiyo siku ya siku itachelewa. Bima ihakiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, na uulize wazi kama inamhusu mwanafunzi akiwa kwenye usukani. Mwalimu anayekasirika kwa maswali haya amekuokolea muda.

Pedali hizo za ziada ndizo zinazotenganisha mwalimu na dereva mwenza. Zimewekwa kwa ajili ya hatari. Lakini wapo walimu ambao miguu yao haitoki juu yake: ukikosea klachi wanaikanyaga wao, ukichelewa breki wanakanyaga wao, kimya kimya, huku wakikwambia "vizuri, vizuri." Unamaliza wiki mbili gari halijazimika hata mara moja, unajiona fundi. Siku ya kwanza na gari lako, pale mataa ya Mwenge, linazimika mara nne mfululizo na daladala tatu zinakupigia honi.

Kumgundua ni rahisi ukijua pa kutazama. Kwa kuwa pedali zimeungana, akikanyaga yake unaisikia ya kwako ikikimbia chini ya soli. Ukiinua klachi nayo ikabaki chini, au gari likapunguza mwendo wakati mguu wako uko kwenye mafuta, ujue kuna mguu mwingine unafanya kazi. Tazama pia goti lake la kulia: mwalimu aliyepumzisha mguu, goti limetulia, aliye juu ya pedali, linapanda na kushuka. Katika somo la majaribio mwombe dakika kumi mahali palipo salama, miguu yake ikiwa bapa kwenye sakafu, aache gari lizimike likitaka kuzimika. Mwalimu mzuri atakubali bila neno, na likizimika atakuuliza unadhani kwa nini.

Baada ya mguu, mdomo. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo ndani ya mji, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Maelekezo yakitolewa sekunde tatu kabla ya kona, zimebaki mita 42. Mtu mzima anayerudi anahitaji muda wa kusikia, kuelewa, kutazama kioo, kuwasha indiketa na kupunguza mwendo, na hizo mita hazimtoshi. Mwalimu anayejua kazi husema mapema, mara moja, kwa mpangilio: "Mama, mataa yale ya mbele tutakunja kulia. Kioo cha kati. Indiketa. Taratibu sasa." Asiyejua hukaa kimya mpaka mko kwenye kona, kisha: "Kunja! Kunja hapo! Mbona hukunji?" Ukisikia ya namna hii mara mbili ndani ya nusu saa, lipia hiyo nusu saa na uage kwa heshima.

Lipo jambo ambalo wageni hawalijui na sisi tunalijua sana. Mwalimu wengi wetu tutakayempata ni kijana. Anakuamkia shikamoo, anakuita mama au mzee, na kumkosoa mtu wa umri wa mama yake kunamwia vigumu. Badala ya kusema "umesahau kioo", anakanyaga breki na kunyamaza. Heshima hiyo inakunyima somo. Mfungulie mlango siku ya kwanza: "Mwalimu, humu ndani ya gari mimi ni mwanafunzi wako. Nikikosea niambie palepale, usinionee haya." Kinyume chake nacho kipo: mwalimu mtu mzima anayemwita kila mwanamke "binti" na kuuweka mkono wake juu ya mkono wa mwanafunzi kwenye gia kila wanapobadili. Gia inafundishwa kwa maneno, na kwa kuonyeshwa gari likiwa limesimama. Akiambiwa mara moja asielewe, hakuna mara ya pili. Toka utafute mwingine, na baadhi ya shule mjini zina walimu wa kike.

Nusu saa ya kwanza iende hivi. Dakika tano za kukaa: makalio yaguse kabisa nyuma ya kiti, klachi (au breki, kama ni otomatiki) ikanyagwe hadi mwisho na goti libaki limekunjika kidogo, mabega yakiwa kwenye kiti viganja vifike juu ya usukani bila kujivuta. Wengi wanaorudi husogeza kiti mbele mpaka kifua kinakaribia usukani, kwa sababu wanataka kuiona boneti. Inua kiti juu badala ya kukisogeza mbele. Vioo vya pembeni vionyeshe ukanda mwembamba tu wa ubavu wa gari lako. Kinachohitajika humo ni barabara. Baada ya hapo, mtaa uliotulia, mwalimu anyamaze na kuandika. Ndiyo, kuandika, hata kwenye simu. Mkisimama akutajie mambo matatu, yasizidi. Mwalimu anayetaja kumi na tano anakutisha, na anayesema "uko sawa, ni mazoezi tu" hakuwa anatazama.

Matatu yenyewe, kwa anayerudi, hayako mbali na haya.

La kwanza ni mguu. Kwenye gari la gia za mkono, klachi imesahaulika na dawa yake ni kuifundisha peke yake, bila mafuta. Uwanja tambarare, gia ya kwanza, kisigino kwenye sakafu, inua taratibu mpaka usikie sauti ya injini ikizama na pua ya gari ikiinuka kidogo. Simamisha mguu hapo. Hesabu moja, mbili. Gari litajikokota lenyewe. Kanyaga, simama, rudia, hadi uweze ukiwa unapiga soga. Linalozimika ni lile linaloachiwa ghafla baada ya kushika, siyo kabla, kwa hiyo kukanyaga mafuta mengi hakuponyi kitu. Kunaunguza pleti ya klachi, na harufu utaisikia. Kwenye otomatiki kosa ni jingine na ni baya zaidi: mguu wa kushoto, uliozoea klachi miaka ile, unashuka kwa nguvu wakati wa kusimama na kukutana na pedali pana ya breki. Gari linafunga barabarani na aliye nyuma anakuingia. Mguu wa kushoto upewe mahali pake pa kupumzikia na ubaki hapo. Wa kulia peke yake ndio wa kufanya kazi, kisigino kimetua mbele ya breki na ncha ya kiatu ikihama kwenda mafuta na kurudi. Kandambili ziache nyumbani.

La pili ni upande wa kushoto. Dereva wetu anakaa kulia, na asiyeendesha muda mrefu hajui tairi yake ya kushoto iko wapi. Matokeo yake anajibana katikati ya barabara na kila bodaboda inamtisha. Zoezi lake ni la dakika 15. Weka chupa ya maji iliyojaa kwenye ukingo wa barabara iliyotulia, sogea taratibu usimame ukidhani tairi iko sentimita 30 kutoka kwenye chupa, kisha shuka ukaangalie. Mara ya kwanza utakuta ni mita nzima. Sogeza gari mpaka iwe 30 kweli, rudi kwenye kiti bila kubadili mkao, utazame ule ukingo wa barabara unakatia wapi kwenye kioo cha mbele: kwa magari mengi madogo ni karibu na katikati ya boneti, lakini inategemea urefu wako. Weka kipande kidogo cha gundi ya karatasi pale. Baada ya siku chache utakibandua mwenyewe.

La tatu ni macho yaliyo karibu mno. Mwenye hofu hutazama mita chache mbele ya boneti, anasahihisha usukani kila nukta, gari linayumba, hofu inazidi. Akipeleka macho mbali, pale atakapofika sekunde kumi zijazo, gari linanyooka lenyewe. Mwalimu anaweza kulisaidia hili kwa kukuomba utaje kwa sauti unachokiona: "daladala inawasha indiketa, mtoto upande wa kushoto, tuta." Inachekesha, na inafanya kazi.

Mji nao umebadilika, na hapa anayerudi anahitaji mwalimu kuliko kwenye gia. Aliyejifunza kabla ya Mei 2016 hakuwahi kukutana na mabasi ya mwendokasi. Kwenye Barabara ya Morogoro njia za mabasi hayo ziko katikati, kwa hiyo kila unapokunja kulia unazikata. Kioo cha kulia, ambacho zamani ulikitazama kwa ajili ya wa kukuovateki, sasa kinaweza kuwa na basi refu linalokuja kasi kwa mwelekeo wako huohuo, na jingine linatoka mbele. Subiri taa ya mshale wako, na hata ikiwaka tazama pande zote mbili, kwa sababu bodaboda hupita humo ingawa hazitakiwi. Kuingia kwenye njia hizo kukwepa foleni, usithubutu.

Kipilefti hakijabadilika ila wengi walikisahau: aliye ndani ana haki, naye anatokea kulia kwako. Chagua njia kabla ya kuingia, kushoto kama unatoka mapema, kulia kama unazunguka, na washa indiketa ya kushoto unapoipita njia inayotangulia ya kwako. Akiwepo trafiki, mkono wake unashinda taa na unashinda kipilefti. Mahali pazuri pa kuyafanyia mazoezi ni Posta Jumapili asubuhi, kuzunguka Sanamu ya Askari hadi Mnara wa Saa. Mitaa imetulia na kila aina ya makutano ipo. Kariakoo iwe ya mwisho kabisa.

Mlima je? Dar ni tambarare kwa sehemu kubwa, na ndiyo maana wengi walipata leseni bila kujua kuondoka mlimani. Sasa kuna Daraja la Mfugale pale Tazara tangu 2018 na la Kijazi pale Ubungo tangu 2021, na foleni ikisimama juu ya mwinuko hakuna pa kujificha. Vuta breki ya mkono mpaka mwisho. Gia ya kwanza, mafuta kidogo mpaka mshale wa mizunguko ya injini uvuke 1,500, inua klachi mpaka pua iinuke, ndipo uachie breki ya mkono. Gari likirudi nyuma, uliachia kabla klachi haijashika. Watu wa Mwanza na Mbeya wanacheka wakisoma hapa. Wao hili hulifanya nje ya geti lao.

Ratiba ianze na mchana, saa nne hadi saa nane, foleni zikiwa zimepungua. Wiki inayofuata ingia kwenye saa kumi na mbili asubuhi pamoja na wenzako wote. Tenga angalau somo moja la usiku na, ikiwezekana, moja la mvua. Ukianza Machi au Aprili hutahitaji kuliomba. Barabarani acha sekunde tatu kati yako na wa mbele, kwa kuhesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili" tangu alipopita nguzo. Bajaji itaingia kwenye hiyo nafasi. Iache iingie, legeza mafuta, tengeneza nyingine.

Kuhusu kufundishwa na mume, kaka au shemeji: kwa mazoezi ya nyongeza, sawa. Kwa kuanza, hapana. Hana pedali, kwa hiyo hofu yake yote inatokea mdomoni.

Masomo mawili ya mwisho yafanyike kwenye gari lako mwenyewe, mwalimu akiwa kiti cha kushoto. Kabla ya kutoka, mwonyeshe breki ya mkono iko wapi, kwa maana ndiyo silaha pekee aliyobaki nayo. Kwenye baadhi ya Noah na Harrier breki hiyo ni pedali ndogo iliyojificha upande wa mguu wako, na yeye haifikii; gari la namna hiyo lisubiri mpaka mwalimu mwenyewe aseme yuko tayari kukaa humo. Zima redio pia. Gari la Kijapani lililofika juzi linaweza kuanza kuongea katikati ya kona, na mtu aliyeshika usukani kwa jasho hahitaji kujiuliza limesema nini. Njia iwe ile utakayoitumia kweli, nyumbani hadi kazini, Jumapili kwanza na Jumatano baadaye, pamoja na mahali utakapopaki na namna ya kutoka hapo kwa rivasi.